Okidi za Mama Kioko

Kioko aliamka na maumivu ya kichwa siku ya Jumatano, akaenda kazini hivyo hivyo, na kufikia Jumapili wazee walikuwa wamekaa uani kwa mama yake hapa Muthetheni, wakijadiliana kama kaburi lichimbwe kando ya la baba yake au lisogee upande wa ua. Madaktari walisema ni homa ya uti wa mgongo. Alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River. Kiwandani humo ndimo alimokutana na mkewe, Mbinya, msichana wa Kangundo aliyekuwa akishona mifuko ya suruali. Walikuwa wameoana mwaka mmoja na kitu. Hawakuwa wamepata mtoto.

Mama yake, Kamanthe, alikuwa mjane wa siku nyingi, na Kioko ndiye mtoto wake wa pekee. Majirani tulimwita Mama Kioko. Baada ya mazishi tulisita kidogo, hatujui kama jina hilo litamchoma, lakini yeye mwenyewe aliitika kama kawaida, nasi tukaendelea.

Kila mtu alijua Mbinya ataondoka. Mke mchanga, bila mtoto, bila mume, atakaa afanye nini kwenye boma la watu? Kamanthe mwenyewe ndiye aliyeanza kumwambia, wageni walipokwisha na masufuria ya kuazimwa yakarudishwa kwa wenyewe.

"Mwanangu, rudi kazini. Mashine yako watampa mtu mwingine."

"Nitaenda kesho, mwaitu," Mbinya alijibu. Hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, na Mbinya alikuwa amemwita hivyo tangu siku ya kwanza aliyoletwa nyumbani.

Kesho yake tulimwona kisimani na mitungi. Kesho kutwa vilevile. Mashine ikapewa mtu mwingine kweli, na Mbinya akabaki katika kile chumba cha matofali ambacho Kioko alikuwa amekijenga pembeni mwa boma ili apate mahali pa kulala akija Krismasi.

Mwanzoni hawakuwa na la kusema. Mmoja akipika, anapika kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake anagusagusa chakula kisha anakifunika. Kamanthe aliniambia kuna majuma walikuwa wanaongea na mbuzi zaidi ya walivyoongea wao kwa wao.

Halafu wachoma makaa wakaangusha mti mkubwa kule mlimani. Wanawake hao wawili walikuwa wamekwenda kutafuta kuni, wakaukuta umelala, na juu ya tawi lake moja kulikuwa na kichaka kizima cha mmea mwingine, mashina yake yamenenepa kama vipande vya muwa, mizizi yake myeupe imesimama kama sindano. Kilikuwa kimepasuliwa katikati na shoka. Mbinya alikiinamia, akakitazama kwa muda, kisha akatandika gunia chini.

"Sasa hiyo unapeleka wapi?" Kamanthe akauliza.

"Nyumbani."

"Inakulwa?"

"Haikulwi, mwaitu. Ni okidi. Kule kazini ofisi ya meneja ilikuwa nayo moja kwenye kikombe. Walikuwa wanaipangusa majani na kitambaa kama mtoto."

Kamanthe alitaka kusema kwamba walikuja kuchukua kuni. Lakini msichana huyo hakuwa ametaka kitu chochote tangu mazishi, hata chumvi. Akashika upande wa pili wa gunia.

Mbinya alitafuta maelezo kwenye simu, akikaa juu ya jiwe lile lililo nyuma ya choo, mahali pekee ambapo mtandao unashika. Akajifunza kwamba kichaka kile kinaweza kugawanywa, ila kila kipande kibaki na mashina matatu au manne, la sivyo hakina nguvu ya kuanza upya. Kisu kipitishwe motoni kwanza. Jeraha lipakwe unga wa makaa. Kisha kipande kifungwe kwenye gome kavu, kiwekwe kivulini, na kisinyweshwe maji mpaka kidonda kikauke.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda Kamanthe. Tangu utoto wake alijua mmea uliohamishwa hupewa maji. Mbinya akienda sokoni, yeye anachukua kopo na kumwagia. Vipande vyote vya kwanza vilioza, vikawa laini na vyeusi, na vikatoa harufu.

"Mwaitu, nani ameweka maji?"

"Kwani mvua imenyesha?"

"Utaniulia hivi vitu! Hii si sukuma wiki!"

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua nikianua nguo, na niliposikia sauti hiyo nilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kupaza sauti katika boma lile tangu wapeleke jeneza kaburini. Kisha nikasikia Kamanthe akicheka, na Mbinya naye akacheka huku bado amekasirika.

Tangu siku hiyo kazi ikawa yao wote wawili. Kamanthe ni msusi wa vyondo, na ni yeye aliyewaza kusuka vikapu vya katani vyenye matundu makubwa, ili mizizi ipate upepo, badala ya kufunga kila kitu kwenye gome. Walining'iniza vikapu hivyo chini ya neti ya kivuli nyuma ya nyumba. Hawakung'oa hata mmea mmoja kwenye mti uliosimama. Mti ukiangushwa, mtoto yeyote wa kijiji akiuona alikuja kuwaita, nao wanakwenda na gunia lao. Yale mashina makuukuu yasiyo na majani hawakuyatupa. Waliyalaza kwenye beseni la mchanga wenye unyevu, wakafunika na karatasi ya nailoni, na baada ya miezi kifundo kinavimba, kinatoa kitoto cha kijani kisichozidi ukucha, na baadaye vizizi viwili au vitatu. Kitoto hicho kinaachwa hapo mpaka kiwe na mizizi ya kukitosha ndipo kikatwe. Kutoka hapo mpaka maua ni miaka. Kamanthe, aliyezoea ndengu zinazovunwa kabla hujasahau ulizipanda lini, alisema kazi hii ni ya watu wasio na haraka ya kwenda popote, na wao wawili hawakuwa na haraka hiyo.

Kugawa kichaka kikubwa kunahitaji mikono minne. Mmoja anashika na kutenganisha mashina, mwingine anatafuta mahali pa kupitisha kisu. Ilikuwa ni katika kazi hiyo, nyuso zao zikiwa karibu na macho yao yakiwa chini, ndipo walipoanza kumzungumzia Kioko.

Kamanthe hakumjua Kioko wa Athi River. Mwanawe aliondoka nyumbani alipomaliza shule, akawa wa kuja Pasaka na Krismasi na sukari mkononi, anakaa siku chache, anarudi. Mtu mzima aliyekufa, mama yake alikuwa hajakutana naye vizuri.

"Huko alikuwa anapenda kula nini?" aliuliza siku ya kwanza.

"Chapati na ndengu. Kwa mama mmoja hapo nje ya geti."

"Ndengu? Huyu Kioko? Hapa alikuwa anazimwagia kuku."

"Huko alizipenda. Anaongeza mchuzi mpaka mama anamwambia sahani imejaa."

Kamanthe aliweka kisu chini, akatoka nje ya kivuli, akasimama kidogo akiutazama mlima. Aliporudi walimalizia kukata.

Baada ya hapo ikawa desturi. Kila wakigawa mmea, Kamanthe anauliza kitu kimoja, Mbinya anajibu. Kwamba wenzake kiwandani walimwita Injinia kwa sababu alitengeneza redio za watu. Kwamba akipiga pasi anaimba nyimbo za kanisa, na maneno hayajui, anajaza ya kwake. Kwamba aliogopa paka. Mbinya aliniambia baadaye kwamba alikuwa akimpa kidogo kidogo, kwa makusudi, maana aliishi na Kioko muda mfupi tu na hakujua vitatosha mpaka lini. Na kweli havikutosha. Siku moja, baada ya ile miaka mvua ilipokataa na ng'ombe wa watu wakafa, Kamanthe aliuliza, Mbinya akasema habari ya paka.

"Hiyo ulishaniambia."

"Najua, mwaitu. Nimetafuta nyingine nimekosa."

"Basi niambie tena hiyo."

Okidi zikaanza kutoa maua, ya njano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, na watu wakaja kuangalia. Mmoja wao alikuwa Wathome, mwenye kitalu cha miche kando ya barabara itokayo Machakos mjini kwenda Kitui, mwanamume mpole, mrefu, asiyejua aweke mikono wapi anapoongea. Alinunua vikapu viwili. Akarudi kununua vingine. Halafu akaja wakati ambao hakuna kilichokuwa tayari.

"Hizi bado," Kamanthe alimwambia. "Hazijashika mizizi."

"Nitangoja, mama."

"Utangoja nini? Ni miezi."

"Si kungoja hapa. Nitarudi nione."

Alirudi kuona. Akaomba aonyeshwe jinsi ya kulaza mashina kwenye mchanga, na aliyemwonyesha ni Mbinya, na Kamanthe akiwa jikoni aliwasikia wakibishana kuhusu kivuli, na sauti ya Mbinya ilikuwa ile ile ya siku ya maji. Alijua kabla wao wenyewe hawajajua. Wathome alipokuja tena alimkuta Kamanthe langoni.

"Mimea imepata ugonjwa," alimwambia. "Hatuuzi."

Wathome alitazama juu ya bega lake, pale vikapu vilipokuwa vinang'aa kwa afya, akasema, "Pole, mama," akaondoka. Mbinya alikuwa ndani, alisikia yote.

Ni wakati huo ndipo Bartholomew, ndugu wa marehemu mume wa Kamanthe, alipofika kunywa chai baada ya misa. Ni mtu wa kanisa, lakini pia ni mtu wa ukoo.

"Shemeji," alisema, "hii nyumba ya Kioko itafungwa hivyo?"

"Nitafanyaje?"

"Zamani haikuachwa. Mke akikubali kukaa, anapata watoto hapa hapa, na wanaitwa wa Kioko. Hakuna mtu atakayeuliza baba ni nani. Msichana ana heshima, anakupenda. Mwambie."

Kamanthe alibeba maneno hayo majuma kadhaa. Alijiona na mjukuu mgongoni, anaitwa jina la mumewe. Mwishowe aliyasema, wakiwa wanaosha vyombo, bila kumtazama Mbinya. Alieleza kama Bartholomew alivyoeleza. Mbinya aliendelea kusugua sufuria ile ile iliyokwisha takata.

"Mwaitu," alisema, "ukiniambia nikae, nitakaa."

"Basi kaa."

"Sawa."

Kamanthe alilala usingizi mzuri usiku ule, aliniambia, na kwa siku kadhaa alitembea akiwa mwepesi. Mbinya aliamka mapema kama kawaida. Alichota maji, alipalilia, alikata majani ya mbuzi. Aliulizwa akajibu. Lakini hakukaa tena juu ya lile jiwe na simu, na beseni la vitoto hakulifunua mpaka aambiwe. Suala la watoto na nani atakuwa baba yao halikuzungumzwa, na hakuna aliyelianzisha.

Siku moja walikuwa wamegawa kichaka kizuri, vipande vitano, majeraha bado mabichi. Kamanthe, mawazo yake yako mbali, akachukua kopo akaanza kuvimwagia maji, kimoja baada ya kingine. Alipofika cha tatu ndipo alipogutuka. Aliinua macho. Mbinya alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, anatazama maji yakichuruzika kwenye vidonda, na uso wake haukuwa na kitu.

"Mbona huniambii?" Kamanthe akauliza.

"Nikuambie nini, mwaitu?"

"Maji!"

"Ni zako," Mbinya alisema, kwa upole kabisa, akaenda kufungua mbuzi.

Kamanthe alikaa chini pale pale kwenye tope. Alinieleza kwamba siku Kioko alipokufa alikuwa na mtu wa kumlaumu, angalau Mungu. Siku hii hakuwa na mtu.

Kesho yake alivaa nguo za kanisani, akamwambia Mbinya anakwenda kumwona mgonjwa, akaenda Machakos mjini. Alikiulizia kitalu kile mpaka akakipata. Wathome alikuwa anajaza udongo kwenye mifuko, na alipomwona alisimama, mikono ikakosa mahali.

"Mama. Umeleta okidi?"

"Sikuleta kitu. Nimekuja kukuita."

"Mimea ilipona?"

"Haikuwa inaumwa," Kamanthe alisema. "Njoo Jumapili. Ukija, usiniulize mimi mambo ya mimea."

Alipewa kiti, akapewa soda, hakuimaliza.

Mbinya alipojua, alikasirika kama hajawahi kukasirika. Aliingia jikoni akafunga mlango ili sisi majirani tusisikie, lakini jiko la Kamanthe ni la mabati.

"Umenifukuza!"

"Sijakufukuza."

"Nilikuambia nitakaa! Nilisema neno langu. Sasa wewe ndiye umeenda kunitafutia mtu kama mbuzi wa kuuza?"

"Ulisema utakaa. Hukusema unataka."

Kisha nikasikia mtu analia, na sikuweza kujua ni nani kati yao. Nikaingia ndani kwangu.

Wathome alikuja Jumapili ile, akaja na nyingine, mpaka Mbinya mwenyewe akamkubali. Mambo ya wazee wa Kangundo na wazee wa hapa yalimalizwa kwa amani. Bartholomew alinuna, akaacha kuja kunywa chai. Mbinya alipoondoka alichukua vikapu vichache tu, na Kamanthe akamlazimisha kuchukua beseni lenye vitoto, kwa sababu alijua yeye mwenyewe ataviua kwa maji. Chumba cha matofali kilifagiliwa, kikafungwa. Kamanthe hakulia mbele ya wageni. Alisimama langoni na leso yake imefungwa vizuri, akapunga mkono kama watu wengine wote.

Akajaribu kuendelea na kazi peke yake. Kichaka alikibana katikati ya magoti na kukata kwa mkono mmoja, akakata pabaya, shina likavunjika. Nilijitolea kumshikia, na nilimshikia mara mbili tatu. Mara ya kwanza, tukiwa tumeinama hivyo, alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza jambo. Alinitazama, akakumbuka kwamba ni mimi, akaufunga. Siku hizi hagawi tena. Mimea imejaa vikapuni mpaka katani inakatika, na Wathome hutuma mtu kuchukua ile iliyozidi.

Mbinya alijifungua msichana. Kamanthe alialikwa kwenda kumwona mtoto. Alibeba unga wa wimbi na kuku, akapanda gari asubuhi. Sebule ilikuwa imejaa wanawake wa jumuiya, na kwenye kiti kikubwa alikaa Nzisa, mama yake Wathome. Mwanamke mmoja, mchangamfu tu, asiye na nia mbaya, aliuliza, "Na huyu mama yetu ni nani kwa mtoto?"

Si shangazi. Si nyanya. Kamanthe alisema, "Mimi ni mgeni kutoka Muthetheni," na wengine wakasema karibu, karibu sana.

Mara Mbinya akatokea mlangoni na mtoto mikononi. "Mwaitu, nipokee," akasema.

Wanawake wawili walinyoosha mikono kwa pamoja. Mbinya alisimama katikati ya sebule, anamtazama huyu, anamtazama yule. Kamanthe ndiye aliyerudisha mikono yake, akaiweka chini ya leso, akasema, "Mpe mwenyewe," kwa sauti ya mzaha, watu wakacheka, na jambo likapita. Mtoto alizungushwa, akamfikia Kamanthe zamu yake ilipofika. Alimshika. Alisema amefanana na baba yake, kama wageni wanavyosema, na ilikuwa kweli, alikuwa na paji la uso la Wathome lote.

Wakati wa kuondoka, Nzisa ndiye aliyemsindikiza mpaka stendi. Walitembea polepole, wazee wawili. Nzisa si mtu wa maneno mengi, lakini walipofika alimshika mkono.

"Wewe umekaa naye miaka," alisema. "Mimi bado sijamwelewa. Kuna siku ananyamaza tu."

"Akinyamaza usimuulize," Kamanthe alimwambia. "Mpe kazi ya mikono, na ukae karibu ufanye nawe. Na akikupigia kelele, shukuru. Akiacha kukupigia kelele ndipo uogope."

"Asante, dada."

"Na chai yenye tangawizi haipendi. Atakunywa kwa heshima, lakini haipendi."

Gari likajaa, akaingia.

Alinisimulia hayo kesho yake, tukiwa tunapepeta ndengu. Nilimuuliza kama atakwenda tena. "Wakiniita," alijibu. Hawajamwita, na si kwa ubaya. Mtoto anakua, kitalu kina kazi, na Muthetheni si karibu. Mbinya hupiga simu Jumapili baada ya kanisa. Wanaongea kidogo, mtoto analia, Mbinya anasema nitakupigia baadaye, mwaitu. Jumapili nyingine hapigi. Kamanthe hukaa na simu mapajani, kwenye lile jiwe lenye mtandao, mpaka saa ya kufungia mbuzi, ndipo anainuka.